Siku Barabara Ilipompisha Tena Mzee King'ora

Mzee King'ora aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuutazama mgongo wa gari jingine kwa zaidi ya sekunde mbili. Akiwasha king'ora, barabara ilifunguka kama pazia. Malori yalipanda majani, mabasi yalijibana, waendesha baiskeli waliruka mitaroni na bado wakampungia mkono. Kisha akastaafu, akapewa saa ya ukutani na picha ya pamoja. Kesho yake asubuhi akagundua kwamba gari lake dogo, lenye rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, halipishwi hata na mbuzi.

Hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu. Lakini lililomletea balaa ni jingine: jioni alikuwa haoni njia. Mwezi ule aligonga pipa la taka la jirani, akaligonga tena lilipohamishiwa upande wa pili, na mwishowe akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe, ambayo tangu ijengwe haijawahi kuhama.

"Ni taa," alimwambia mkewe, akipangusa saruji kwenye bampa. "Hizi halojeni zimechoka. Zinamulika kama mtu anayesinzia."

"Taa, au macho?"

"Macho yamepimwa, mama watoto. Daktari alinisifu mpaka nikaona haya."

Mkewe alikuwa mshonaji, na maneno yake aliyakata kama kitambaa: mara moja, bila kurudia. "Sawa. Jumamosi utanipeleka kwa dada yangu nikachukue cherehani changu. Tutarudi jioni hiyohiyo, mimi nimekaa kando yako. Nikipiga ukelele hata mmoja, ufunguo unakwenda kwa mkwe wetu. Nisipopiga, endesha mpaka magurudumu yenyewe yakuombe likizo."

"Kwa mkwe? Yule anayewasha indiketa akiwa bado sebuleni?"

"Huyohuyo. Hajagonga geti."

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa kwa fundi wa umeme wa magari, aliyeitwa Taratibu kwa sababu kati ya sentensi yake moja na ya pili ungeweza kumenya chungwa. Taratibu aliinama, akagonga taa kwa ukucha.

"Mzee wangu. Kioo kimefifia. Nikisugue, niweke balbu mpya za halojeni, utaona vizuri tu."

"Nataka zenoni, zile taa nyeupe kali."

"Zenoni…" Chungwa likamenywa, likaliwa. "Zenoni si balbu tu, mzee. Taa yako hii imeundwa kwa halojeni. Ukitia zenoni humu, mwanga unatawanyika kila upande. Inatakiwa taa yenye lenzi, iukusanye mwanga, iukate usipande machoni mwa watu. Kisha tuipime kimo chake ukutani. Siku nne."

"Leo Ijumaa, safari kesho."

"Ndiyo maana nasema siku nne."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikuwa namfikisha mgonjwa hospitalini kabla hajamaliza kusema anaumwa wapi. Wewe tia balbu, mengine tutaelewana mbele ya safari."

Taratibu alikuwa na heshima, na heshima ndiyo iliyomponza. Akatia balbu, akafunga na vile visanduku vya kuzipandishia umeme. "Basi usipakie kitu kizito nyuma," alisema. "Pua ya gari ikiinuka, na taa…" Alipofika kwenye "zitainuka", mzee alikuwa ameshapita mtaa wa pili.

Jioni alizijaribu uani. Hapa wengine huongeza chumvi, mimi nasema yaliyotokea tu: majogoo watatu waliwika, kuku mmoja akataga harakaharaka akidhani amechelewa, na jirani akatoka kuanua nguo alizokuwa ameanika muda uleule, maana zilishakauka. Mzee King'ora akalala akitabasamu.

Jumamosi walikwenda jua likiwa bado juu, wakafika salama. Cherehani kilikuwa kile cha miguu, cha chuma kitupu, kizito kama deni la ukoo. Wanaume wanne walikiinua, wakakisukumiza ndani ya buti, na gari likaketi kwa nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa. Pua ikatazama mawingu.

"Limekaa vibaya," alisema mkewe.

"Limekaa kishujaa," alisema mzee.

Giza lilipoanza kuingia, akawasha taa. Vilele vya miti vikawa vyeupe. Ndege waliokwisha kulala wakaanza upya mambo ya asubuhi. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, mwanamume aliyekuwa amejifunga taulo akalishika kwa mikono miwili, akapiga kelele za kuuliza nani anampiga picha. Barabara yenyewe, pale mbele ya bampa, ilikuwa nyeusi kama ndani ya chungu.

Mkewe alikuwa ameshaujaza mtandio mdomoni, ukelele usije ukamtoka.

Likaja gari la kwanza kutoka mbele. Likawashawasha taa, likayumba, likapanda majani na kusimama. Mzee akashtuka. Likaja lori. Nalo likawashawasha, nalo likapanda majani. Mzee akanyoosha mgongo, goti likasahau kuuma.

"Umeona?"

"Mmh," ulijibu mtandio.

"Wananipisha!"

Mkewe akautoa mtandio kidogo. "Wanakukimbia, baba watoto. Umewapofusha."

"Wananisalimu. Tazama, wote wanawasha taa. Wamenitambua!" Akainua mkono, akapiga saluti. Mwendesha baiskeli mmoja akaruka mtaroni na kumtolea ngumi. Mzee akampungia. Basi zima likajibana ukingoni, na hapo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiimbia bafuni, akaanza: "Wiiu, wiiu, wiiu…"

Walipofika kwenye kona, akaitikiwa.

Kilikuwa king'ora cha kweli. Gari la wagonjwa lilitokeza mbele yao kwa kasi, likapunguza, likayumba kulia, likayumba kushoto, kisha likasimama katikati ya barabara. King'ora kilikuwa kinaendelea kulia na gari haliendi. Nyuma ya kioo, dereva alikuwa amejifunika macho kwa mkono. Mke wa mzee alifumbua mdomo, mtandio ukaanguka mapajani. Hakikutoka kitu.

Mzee King'ora alizima taa. Akalisogeza gari lake mpaka kwenye majani, akashuka.

"Nani huyo kichaa," dereva alipiga kelele dirishani, "anayetembea na jua barabarani?"

Sauti ile mzee aliijua. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi. "Ni mimi, mwanangu."

"Mwalimu?"

"Pita. Njia nyeupe."

"Sioni njia, mwalimu. Naona duara la kijani tu."

Kutoka nyuma ya gari ikaja sauti ya mwanamke, kali kuliko king'ora. "Salimianeni tu! Huyu mtoto atatoka na kuwaamkia nyote wawili!"

Basi mzee akavua shati lake jeupe, akatangulia mbele ya gari lile kwa miguu, akilipunga shati kulia na kushoto, akichechemea mbio na goti lake, tumbo wazi. "Nifuate! Kona hiyo! Nyoosha!" Alikimbia hatua mia moja na ushee kabla dereva hajasema, "Naona sasa, mwalimu. Na bora nisingeona. Vaa shati."

Gari likaondoka. Mzee alirudi akihema, akasimama dirishani kwa mkewe.

"Hukupiga ukelele."

"Niliutafuta, nikaukosa."

"Kwa hiyo nimeshinda."

"Umeshinda."

Mzee akalitazama gari lililokaa kama mbwa, kisha akatazama kule king'ora kilikokuwa kinafifia. "Tukifika, ufunguo kaa nao wewe," alisema. "Jumatatu tunampelekea Taratibu. Siku zake nne, zote. Na lenzi, na ukuta wake. Akitaka tano, mpe tano."

Mkewe alishuka, akazunguka hadi kwenye buti. Alifungua mtoto wa meza wa cherehani, akatoa vipande viwili vya bitana nyeusi, akavikunja mara nne, akafunga kimoja kwenye nusu ya juu ya taa moja, kingine kwenye ya pili, fundo la kishonaji. Mzee alipowasha, mwanga ukateremka miguuni mwa gari, mdogo na mpole, nao wakaanza safari ya nyumbani kwa mwendo wa maandamano ya harusi. Kila gari liliwapita. Baiskeli ziliwapita. Mwisho likaja toroli la madumu ya maji, likisukumwa na kikongwe mwenye filimbi mdomoni.

"Pisha, wewe!" akafoka baada ya kupuliza. "Wengine tuna kazi!"

Mzee King'ora akapinda usukani, akapanda majani, akapisha.

Hapo ndipo mkewe alipopiga ukelele. Aliupiga mpaka akaegemea dashibodi, machozi yakimtoka, mkono ukipiga paja.

"Na huu," mzee aliuliza, "unahesabiwa?"

Mkewe akazidi kucheka, akajifuta machozi kwa mtandio.