Dawa za Khalid

Baba yake alimchagulia jina kabla hata hajazaliwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, na tangu ujana wake alipenda visa vya vita vya zamani. Alichokipenda kuliko vyote ni kile cha Khalid bin Walid, jemadari aliyeitwa Upanga wa Mungu, ambaye inasimuliwa kwamba hakushindwa vitani hata mara moja, akaja kufia kitandani na makovu yake mwili mzima, tena akisikitika kwa nini hakufa akipigana.

"Na Khalid maana yake wa kudumu," alimwambia mkewe, huku akisugua masizi mikononi. "Wa kudumu! Sikia lenyewe lilivyokaa."

Mkewe, tumbo likiwa limemfika kifuani, akamjibu kwamba lingekaa vizuri zaidi kama yeye fundi ndiye angekwenda leba.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Khalid, lakini nyumbani na mtaani alijulikana kama Kamanda. Alikuwa mwembamba, miguu kama njiti za kiberiti, na jeshi pekee aliloliongoza lilikuwa la kuku wa jirani. Kila jioni alikwenda kumpokea baba yake kwenye kona. Fundi alisimama wima katikati ya njia, begi la vifaa begani, akapiga saluti.

"Kamanda, kambi iko salama?"

"Salama, baba."

"Na adui?"

"Amekula, amelala." Adui alikuwa paka.

Alikuwa na miaka mitano alipoamka asubuhi moja macho yamevimba. Mama yake, aliyekuwa akishona kola katika kiwanda cha sare za shule, alidhani ni mbu, au mtoto amelalia uso. Akampangusa kwa maji baridi, akawahi kazini. Lakini haikupita wiki soksi zikaanza kumwachia mitaro miguuni, tumbo likajaa, na mkojo ukawa unatoa povu kama maji ya kufulia. Wakampeleka hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke asiye na haraka. Aliwaeleza kwamba figo za mtoto zinavuja, zinaachia vitu ambavyo mwili unavihitaji. Ugonjwa wenyewe unatibika, akasema, na watoto wengi hupona kabisa, ila dawa ni za miezi mingi.

"Na hizi haziachwi ghafla, hata mkimwona anarukaruka. Tutazipunguza wenyewe hapa, kidogo kidogo. Mkikatisha huko nyumbani mtaniletea mtoto amezidiwa. Tumeelewana, baba?"

Baba alikuwa anatazama nondo za dirishani, zilizochomelewa ovyo ovyo na mtu asiyejua kazi. Akaitika kwamba wameelewana.

Siku chache baadaye akaja shangazi. Huyu ndiye dada mkubwa wa fundi, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na fundi hakuwahi kumjibu kwa sauti ya juu maishani mwake. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga. Wa tatu, wa kike, aliitwa Malika, yaani malkia, naye akaugua hadi watu wakakata tamaa. Mtu mmoja mwenye elimu ya dini akamwambia jina limemlemea mtoto. Wakambadilisha, wakamwita Rehema, akapona, na sasa alikuwa mama wa watoto wake mwenyewe. Kisa hiki ukoo mzima ulikijua kwa moyo.

"Wifi, mimi sina ugomvi na hospitali," alisema, akiwa amempakata mgonjwa na kumpapasa miguu iliyovimba. "Lakini hili jina limemzidi. Mtoto mwepesi kama karatasi, mmembebesha jemadari!"

"Wifi yangu, Khalid wako wangapi hapa mtaani?" mama akasema. "Fundi baiskeli pale ni Khalid, kitambi hicho mpaka kinamtangulia kufika."

"Huyo ana mabega ya kulibebea."

Wakaanza kutafuta jina jepesi. Salim, aliyesalimika? Shangazi akakataa, Salim wa ukoo wao alikufa maji. Bashir, mleta habari njema? Hilo lilikuwa la mtu aliyemdhulumu marehemu baba yao shamba. Mwishowe shangazi akatamka Yahya. Maana yake anaishi, akasema, tena ni jina la nabii, mwana wa Zakaria, na kabla yake hakuna aliyewahi kupewa.

"Na huyo Nabii Yahya si inasemwa aliuawa?" mama akauliza.

"Usituletee maneno hayo mbele ya mtoto," shangazi akasema.

Mama alimgeukia mumewe, akitegemea angalau acheke. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Tangu warudi kutoka hospitali hakuwa akila vizuri, na chakula chake alikuwa akimsogezea paka. Habari za figo zilimpita juu. Hakuna mahali angeweza kuzishika. Lakini jina lilikuwa kazi ya mikono yake. Kama ndilo lililomuumiza mtoto, basi kosa lilikuwa lake, na kitu alichokiunga vibaya mwenyewe alijua anaweza kukikata akakiunga upya.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Niacheni nimwondolee."

Mama akaona hapo hapana pa kushindania. "Mwiteni mnavyotaka," akasema. "Ila dawa zinaendelea."

"Zinaendelea," fundi akakubali, na shangazi naye akakubali.

Majirani wakaambiwa, shuleni wakaambiwa. Mtoto alitaka kuelewa utaratibu.

"Mwalimu akisahau akaita Khalid, niitike au ninyamaze?"

"Unyamaze," baba akamwambia.

"Na Kamanda?"

"Kamanda amestaafu."

Jioni ile mtoto alikwenda kwenye kona kama kawaida, akasimama na kiganja kwenye paji la uso. Fundi alipofika aliushika ule mkono mdogo, akaushusha polepole, na wakatembea hadi nyumbani bila kuulizana habari za kambi. Mama aliyaona hayo akiwa mlangoni. Tangu siku ile, akibaki na mwanawe peke yao, alimwita Khalid, kwa sauti ya chini, naye mtoto aliitika kwa sauti ya chini vilevile.

Dawa zikafanya kazi yake. Uvimbe ukashuka, mkojo ukawa safi, mtoto akarudi kuwafukuza kuku. Shangazi alikuja kumwona, akalia kwa furaha. "Si niliwaambia?" Mama hakubishana naye, maana furaha ilikuwa ya wote. Lakini dawa zilikuwa na vituko vyake. Zilimpa mtoto njaa isiyoisha na hasira za ghafla, na mashavu yakamjaa hadi uso ukawa duara. Wenzake wakamwita Puto. Fundi alipousikia utani huo alikwenda kuwakaripia watoto wa watu, kisha akarudi ndani akakaa na kuziangalia zile pakiti za vidonge juu ya kabati.

Kisha mama wa mama akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumuuguza. Mama aliomba ruhusa kiwandani, akafunga nguo chache, akamwonyesha mumewe dawa: hivi asubuhi akishakula, na asikose hata siku moja. Huko alikokwenda alipiga simu kila siku.

"Amekunywa dawa?"

"Mtoto mzima kabisa. Ongea naye."

Wiki ya pili sauti ya mtoto ikaanza kuwa ya uvivu. Amechoka kucheza, fundi alisema. Kesho yake hakutaka kuja kwenye simu. Mama alimwomba jirani amlindie mgonjwa, akapanda basi la kwanza.

Alimkuta mtoto amejikunja kitandani, uso umevimba, tumbo gumu, mwili unawaka, ametapika kwenye beseni. Alifika kabatini kwa hatua moja. Pakiti zilikuwa zilezile, zimejaa, kama alivyoziacha.

"Hujampa."

"Hizi zilikuwa dawa za Khalid," fundi akasema. "Zimeandikwa Khalid, hebu soma. Yahya hajawahi kuugua. Mimi niliona ndizo zinazomrudisha kuwa yule wa mwanzo."

Hakusema kama mtu aliyerukwa na akili. Alisema kwa upole, kama anavyomweleza mteja kwa nini geti lake halitafunga vizuri. Ndicho kilichomtisha mkewe. Alimfunga mtoto kwenye shuka, akatoka naye mbio barabarani kutafuta gari, na fundi akamfuata nyuma na kandambili tofauti miguuni.

Mapokezi waliulizwa jina la mgonjwa. "Yahya," akasema baba. "Khalid," akasema mama. Karani akaweka kalamu chini, akawatazama. Mama akalirudia la Khalid kwa sauti iliyowafanya watu kwenye foleni wageuke, na karani akaliandika hilo.

Daktari yuleyule aliposikia kwamba dawa zilikatishwa hakugomba. Alianza kazi, yeye na wauguzi wawili, mshipa haupatikani mkono huu, jaribu ule, jaribu mguu. Vijidudu vilikuwa vimeingia tumboni, alieleza baadaye kwa kifupi, na mwili uliokwisha kuzoea zile dawa haukubaki na nguvu ya kupambana.

Shangazi akafika, mtandio umemwanguka mabegani. Wakakaa kwenye benchi la nje ya wodi, mama huku, yeye kule, fundi amesimama ukutani. Kwa muda mrefu shangazi alikuwa akisokota ncha ya mtandio. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu:

"Rehema alipigwa sindano."

"Nini?" mama akauliza.

"Wakati ule. Tulimbadilisha jina, na kesho yake akalazwa, akapigwa sindano asubuhi na jioni mpaka akapona. Sikulificha. Ila nikihadithia, watu walitaka kusikia la jina. Nami nikawa nalisimulia la jina, wifi, mpaka la sindano likanitoka kichwani."

Fundi alimtazama dada yake kama anayemwona mara ya kwanza. Akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Mama hakuwa na nafasi ya hasira. Muuguzi alikuwa anamwita. Mtoto alikuwa ameamka. Muuguzi mwingine, ambaye hakujua lolote, alikuwa amesikia jina alilolitaja baba pale mapokezi, na alikuwa akiita "Yahya, Yahya, fumbua macho," naye mtoto amelala anatazama dari, amri aliyopewa na baba imemchanganya, hajui tena ni jina lipi la kuitikia.

"Khalid," mama akamwita, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu.

Akageuza shingo. "Baba yupo?" akanong'ona.

"Yupo nje."

"Asisikie."

"Hata akisikia. Ni sawa sasa."

Mtoto akafikiri. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mama akailowesha kwa kitambaa. "Mama, nikipona nitakuwa nani?"

"Utakuwa wewe, mwanangu. Yuleyule."

Ilionekana jibu limemtosha. Akafumba macho. Alifariki mchana wa siku iliyofuata, jua likiwa kali na watu wa zamu wakibadilishana maneno ya salamu kwenye korido, baba yake ameshika mguu mmoja na mama ameshika kichwa.

Makaburini, aliyekuwa akiandika kibao aliuliza jina. "Khalid," fundi akasema. Yule mtu akaitika kwamba amesikia. "Khalid," fundi akarudia, kisha tena, hadi jirani akamshika bega na kumtoa pembeni.

Matanga yalipoisha mama alifunga nguo zake, akarudi kumuuguza mama yake. Hakuomba talaka wala hakuaga. Kiwandani walimngoja, halafu wakaacha kumngoja. Shangazi alimpigia simu mara nyingi. Mara moja akapokea, wakasikilizana wakilia, na hakupokea tena.

Fundi alianza kuja kila mwisho wa wiki. Hakuthubutu kubisha hodi. Alikaa kibarazani, kofia mapajani, hadi jioni, kisha akaenda zake kupanda basi. Majirani walizoea kumwona. Mke hakutoka. Alikuwa akipita dirishani na ndoo ya maji, akimwona kisogo, akiendelea na shughuli zake.

Siku moja ikanyesha mvua ya kuingia hadi kibarazani. Bibi, aliyekuwa hawezi kugeuka bila kusaidiwa, aliuliza kutoka kitandani, "Mkwe bado yuko hapo?"

"Yuko."

"Analowa."

"Alowe."

"Mwanangu, mimi nimejilowesha tangu saa ile, na wewe peke yako huwezi kuninyanyua bila kuniumiza. Sikuombi msamaha kwa niaba yake. Nataka kubadilishwa shuka."

Mama alikwenda akafungua mlango. Hawakusalimiana. Fundi alivua viatu, akaingia, akanawa mikono, akasimama upande wa miguuni alikoonyeshwa. Mama alipitisha mikono chini ya mabega ya mama yake.

"Usiivute hiyo nyonga," akamwambia mumewe. "Inua ninapoinua mimi."

Wakainua.