Gunia Lisilo na Utepe

Mume wangu alikuwa mbeba taka. Alipita nyumba kwa nyumba, akijitwika magunia mgongoni mpaka kwenye mkokoteni wake. Kwetu aliweka sharti moja ambalo hata watoto walilijua: glasi ikivunjika, vipande vinaviringishwa kwenye kitambaa, kisha gunia linafungwa utepe mwekundu ili mbebaji awe macho. Majirani walimcheka, eti anafunga taka kama zawadi ya harusi.

Gunia lililomuua halikuwa na utepe. Kipande cha chupa kilimchoma mgongoni, naye akajikaza kiume akamaliza mtaa mzima. Siku chache baadaye pepopunda ilipomkaza taya, tulimkimbiza hospitali, lakini tulikuwa tumechelewa.

Kesho yake baada ya mazishi, wanawake walikuwa wakisafisha uani. Wifi yangu, dada wa marehemu, aliangusha trei ya glasi. Akazoa vipande kwa ufagio, akavimimina hivyo hivyo kwenye gunia la makombo.

"Wifi, mbona hukuvifunga?" nikamuuliza.

"Pumzika, wifi yangu, una uchungu. Mtu wa taka atajua mwenyewe."

Nililipindua gunia lote pale pale mbele ya waombolezaji, nikapiga magoti, nikaanza kuokota kipande kimoja kimoja. Wakadhani nimerukwa na akili, wakanishika mikono.

"Niacheni!" nilipiga kelele, nikamkazia macho wifi. "Mtu wa taka yupi? Si tumemzika jana?"