Mwani Usiokunjwa

Mimi si mtu wa kuomba watu samahani, lakini asubuhi ile niliomba samahani kutoka kwetu pwani, Daecheon, mpaka mji wa Suwon. Nilibeba mwani mkavu, ule mpana wa kumpikia mzazi supu, urefu wake unanifika kifuani. Mwani wa mwanamke anayekwenda kujifungua haukunjwi, hauvunjwi, wala hauombewi kupunguziwa bei. Ukivunjika kabla mtoto hajatoka, uzazi unakuwa mgumu. Ndivyo tulivyolelewa. Binti yangu Miryeong alikuwa hospitali tangu jana yake, na mimba zake mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Nani angethubutu kuniambia niukunje?

Yeye mwenyewe alithubutu, kwenye simu. "Mama, mbona hata huku Suwon mwani unauzwa!"

"Wa kukunjwa kwenye mfuko wa plastiki! Wewe sukuma mtoto, ya mwani niachie mimi."

Kwenye treni ya masafa marefu nilistarehe. Tatizo, kiti nilipata mpaka Cheonan tu. Ilikuwa Jumatatu, na kutoka hapo kwenda mbele hata tiketi za kusimama zilikuwa zimekwisha. Nikashuka, nikapanda treni ya wanaokwenda kazini, ile inayosimama kila kituo. Nikakaa, nikausimamisha mwani katikati ya magoti. Kituo cha Pyeongtaek watu wakajaa. Osan tukabanana, na baba mmoja mwenye tai akauegemea.

"We baba, hiyo si nguzo!"

Akageuka amekunja uso, kisha akauona. "Lo! Wa uzazi huo?"

"Wa binti yangu. Sasa hivi yuko kwenye uchungu."

Akapaza sauti: "Jamani, sogeeni, kuna mwani wa mzazi hapa!"

Watu waliokuwa wanasinzia wamesimama walifumbua macho. Wakanipa nafasi ambayo haikuwepo, wao wakazidi kubanana. Mimi ninayegombana na kila mtu sokoni nikawa naomba samahani kushoto na kulia.

Suwon ilipofika, mlango ulikuwa mbali. "Mama, lete tuupitishe juu!" abiria wakasema. Mwani ukapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, umelala hivyohivyo, mpaka kwa dada mmoja wa koti la kijivu mlangoni. Akashuka nao. Nami najipenyeza nimfuate, walio nje nao wanaingia. Mlango ukafungwa. Mwani uko nje, mimi niko ndani.

Nilipiga kioo kama kichaa. Yule dada alisema kitu, sikukisikia, na treni ikaondoka.

Mpaka kituo kinachofuata, Hwaseo, nilishamtukana moyoni kila tusi nilijualo. Atauegemeza kwenye benchi. Atauweka kwapani akimbilie kazini. Nikaona kitanda cha Miryeong kwa mara ya tatu, hakina mtoto. Nikashuka, nikavuka upande wa pili, nikangoja treni ya kurudi dakika nane, na dakika hizo sizisahau.

Yule dada alikuwa palepale Suwon. Amebana mgongo kwenye nguzo, mwani kaulaza juu ya mikono yote miwili, kama anayepewa mtoto kumshika kwa mara ya kwanza. Simu ililia mfukoni mwake asiweze kuipokea.

"Mwanangu, si ungeuweka chini tu?"

"Treni za mbali zikipita zinavumisha upepo, mama. Niliogopa."

"Na kazi?"

"Bosi kashapiga mara tatu. Atakasirika, kisha atapoa." Akacheka, halafu akautazama mwani. "Wangu ana miaka mitatu. Nilipojifungua, mama yangu alikuwa ameshafariki. Supu ya mwani nilinunua dukani. Kwa hiyo huu sikuweza kuuacha."

Kabla sijajibu, simu yangu ikalia. Mkwe wangu Taegyu, analia kuliko mtoto. "Mama, msichana! Wote wazima!"

Nilimwangukia yule dada begani, na hata wakati huo akanyanyua mikono juu ili nisiuvunje mwani. Nikasema asante. Nikasema tena, na tena, mpaka watu wakageuka kututazama. Nilikuwa na deni la asante kwa gari zima la watu, na wote walishakwenda zao kazini. Aliyebaki ni huyu mmoja.

Nikauchukua mwani, nikauweka juu ya goti, nikauvunja katikati. Ulilia *pwaa*, na yule dada akapiga kelele.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mtoto ameshatoka. Nusu hii yako. Ukipika supu, mwani wa nusu kikombe uroweke kwa saa moja, nyama uikaange na mafuta ya ufuta kwanza, usiharakishe. Nimechelewa miaka mitatu, unisamehe."

Akaupokea kwa mikono miwili, akainama, na alipoinuka uso wake wote ulikuwa machozi.