Gari la Taka Halisubiri

Bibi Siu-lan, muuza samaki wa mji wa Tainan, mdomo wake haukuwa na breki. Hata samaki aliwasemea bei wanayoitaka. Kwa hiyo mtaalamu wa kuwasaidia watoto wasioweza kuongea, msichana aitwaye Hsin-yi, alipomwambia amuulize mjukuu wake swali kisha anyamaze sekunde kumi, alimwona kama ametumwa kumuua.

Mjukuu, Yu-chen, alikuwa na miaka minne. Tangu azaliwe, mwili haukumtii na maneno hayakumtoka. Hsin-yi alibandika kadi mbili kwenye friji: ya kijani ndiyo, nyekundu hapana. Mtoto ajibu kwa macho. Wiki tatu zikapita bila jibu, maana bibi aliuliza na kujijibu mwenyewe. Shu-fen, bintiye Siu-lan na mama wa mtoto, akachoka. Akasema kufikia Jumapili hali ikiwa ile ile, anampeleka Yu-chen kwenye kituo cha kulea watoto kama yeye huko mbali Taipei, kwa watu wanaojua kunyamaza.

Jumanne jioni ukasikika muziki wa gari la taka, ule unaopigwa likipita ili watu watoke na taka zao. Ilikuwa Agosti, ndoo ya matumbo ya samaki inanuka, na Jumatano gari haliji. Kila gari lilipopita bibi alikisukuma kiti cha magurudumu cha Yu-chen mpaka barabarani, akiwatangazia majirani jinsi mtoto anavyoupenda ule muziki.

Safari hii, mkono ukiwa kwenye ndoo, akaikumbuka Jumapili.

"Twende kwenye gari, mjukuu wangu?"

Akafunga mdomo. Moja. Mbili. Mzee Kuo, jirani, akapita mlangoni na mifuko yake.

"Mama Shu-fen, unaumwa? Mbona kimya?"

Siu-lan alimtolea macho tu. Matusi mazuri mazuri yalimjaa kinywani, akayameza. Saba. Nane. Muziki ukakata kona, gari likaenda zake. Macho ya Yu-chen yakasogea taratibu, yakaipita ya kijani, yakatua kwenye nyekundu.

Bibi akakaa sakafuni akalia. Mwaka mzima alikuwa akimsingizia mtoto kupenda gari la taka.

Shu-fen aliporudi kazini aliziba pua.

"Mama, humu kafa nani?"

"Matumbo ya samaki. Mwanao hataki kwenda kwenye gari la taka. Kanijibu mwenyewe."

Shu-fen alimjua mama yake. Kwa kutia chumvi hana mpinzani. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Yu-chen, unataka twende Taipei?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Bibi alijiziba mdomo kwa viganja viwili vyenye magamba ya samaki. Hakuwahi kuliogopa jibu la mtu kama siku hiyo. Kwenye kidole cha sita, macho ya mtoto yakaenda kwenye nyekundu.

Shu-fen aliendelea kuhesabu hadi kumi, asije akamkatiza. Macho hayakuondoka. Akainuka, akaibeba ndoo, akaipeleka uani isubiri gari la Alhamisi.