Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Nilipita katikati ya Kakuma na neno moja la Kiingereza shingoni, na mtu aliyenivisha alikuwa nyuma yangu akinifuata hatua kwa hatua. Neno lenyewe lilikuwa TAKE, limeandikwa kwa wino mweusi juu ya kipande cha katoni ya sabuni. Mwandiko ulikuwa wangu, tena nilikuwa nimeliandika kwa madaha. Wanawake waliokaa na magunia yao ya makaa waliacha maongezi. Kijana mmoja wa bodaboda alilisoma kwa sauti, akacheka, akamwita mwenzake naye aje asome. Upepo ulikuwa mkali, na kila nilipojaribu kukigeuza kile kibao maandishi yaelekee kifuani, Lomorukai alikohoa nyuma yangu.

"Wacha isomwe," alisema.

Mimi ni mtu wa kushuku, sina haja ya kuficha. Mama yangu kule Kimilili husema nilipozaliwa nilimkagua mkunga kwanza ndipo nikalia. Nilipopangiwa kazi Turkana nilipitia Lodwar, ninakoishi leo, na mwalimu mmoja aliyenitangulia, Chelangat, akanipa wosia mmoja tu wa safari. "Nekesa," alisema, "msichana akiacha kuja shule, usiulize ameenda wapi. Uliza nani ameleta mifugo kwao." Kumpa mtu kama mimi wosia wa namna hiyo ni kumpa petroli na kiberiti. Nilifika Kakuma nikimtazama kila mzazi kwa jicho la pembeni, na wazazi nao wakanitazama hivyo hivyo.

Nilipewa Gredi ya Nne, katika shule ndogo ya wenyeji upande huu wa mto mkavu. Ng'ambo ya pili ndiko kambi ya wakimbizi ilikoanzia. Watoto wangu walijua majina ya vitu kwa Kiingereza, mbuzi, jiwe, maji, mlango, lakini kitenzi kiliwashinda kabisa. Mtoto angesimama na kusema "Boy stone," kisha akaketi ameridhika. Je, mvulana alirusha jiwe? Alipigwa nalo? Alilikalia? Kwa mtu wa kushuku, sentensi isiyo na kitenzi ni mateso matupu. Unajua kuna jambo limetokea, ila hujui nani amemfanya nani nini.

Ndipo nikabuni mchezo. Nilikata katoni za sabuni vipande, nikaandika kitenzi kimoja kwa kila kipande, nikatia uzi. Watoto waliokota kutoka kwenye ndoo bila kutazama. Ethuro alipata RUN, Abei akapata CARRY. Namuar, msichana mtulivu mwenye macho ya kumpima mtu, akapata TAKE. Sharti lilikuwa kukivaa kitenzi chako wiki nzima, nyumbani, kisimani na machungani, ukitende, kisha uje utuambie. Abei alibeba kila kitu mpaka mkoba wangu, na hakukubali kunirudishia hadi nilipomwomba kwa Kiingereza. Namuar alikuja mezani kwangu, akanyoosha mkono, akasema, "I take chalk." Nilipiga makofi. Jioni hiyo niliwatazama wakirudi kwao na maneno yakiwachezea shingoni, nikajiona mwalimu kwelikweli.

Asubuhi iliyofuata Namuar hakuja. Siku ya pili yake nusu ya darasa ilikuwa tupu, na waliokuja walikuja shingo wazi. Nilipouliza, walitazama chini. Abei ndiye aliyenong'ona, "Kwa kina Namuar kuna mgeni, mwalimu. Ametoka Kaikor. Ako na ngamia."

Lisemwalo lipo, nikajiambia. Sikungoja kengele ya mwisho.

Boma la Lomorukai, baba yake Namuar, lilikuwa nyuma ya vichaka vya miiba, si mbali na barabara. Ngamia walikuwepo kweli, wamelala kando ya uzio. Mgeni alikuwepo pia, mzee mkavu mwenye kofia ya unyoya, ameketi kivulini akinitazama kama mtu aliyekwisha kula na sasa anangoja maji ya kunawa. Namuar alikuwa mlangoni mwa kibanda. Aliponiona, alishusha macho.

"Ejok," nilisalimia.

"Ejok-noi," alijibu Lomorukai, asinipe pa kukaa. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka begani, na mkononi hakuwa na fimbo bali kile kibao changu, amekishika kwa ncha za vidole. "Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni neno la Kiingereza, Baba Namuar. Kitenzi."

"Inasema nini?"

"Inategemea," nikasema. Ni jibu la mwalimu, na ni jibu baya sana kumpa mtu anayekushuku.

"Haitegemei. Mimi nilipelekea Wainaina wa duka. Alisoma. Alisema imeandikwa 'Chukua.'" Alikiinua kibao. "Sasa mimi nauliza wewe. Nani achukue? Achukue mtoto yangu apeleke wapi?"

Nilianza kucheka, nikaona usoni pake kwamba hapakuwa na kicheko. Mwaka huo gari jeupe lilikuwa limefika kijijini, watu wakashuka, wakawafunga watoto vipande vya plastiki mikononi, wakapiga picha, wakaondoka, na hakuna aliyejua hadi leo walikuwa nani wala walitaka nini. Na ng'ambo ya mto kila mtu alijionea mwenyewe mambo yanavyokwenda. "Kule kambi," alisema Lomorukai, "mtu akifungwa kitu kwa mwili, siku ingine unasikia iko kwa ndege. Mama yake anabaki na sufuria. Wewe ulikuja juzi. Hatujui kwenu. Unafunga watoto yetu shingo kama mbuzi ya soko, alafu unaniambia inategemea?"

"Na huyo mgeni?" nilimrudishia, maana nami nilikuwa nimechemka. "Huyo na ngamia zake amekuja kuchukua nini?"

Yule mzee wa Kaikor hakujua Kiswahili kingi, lakini alijua anasemwa. Lomorukai nami tulitazamana kama watu wawili wanaouziana mbuzi mgonjwa, kila mmoja akijua ugonjwa uko kwa mwenzake.

"Kama hii ni neno tu," alisema mwishowe, polepole, "vaa wewe. Tembea na hiyo mpaka steji, watu wasome. Kama hakuna kitu, mtoto anarudi shule kesho. Hawa wengine pia."

Nilimtazama Namuar pale mlangoni. Niliwaza ngamia, nikawaza wosia wa Chelangat, nikainamisha kichwa. Lomorukai akanivisha.

Njiani nilipita kwanza dukani kwa Wainaina, mtu wa Nyeri aliyeuza sukari na betri pale tangu enzi na enzi, nikamfokea kabla ya salamu. "Ungemwambia maana yake ni kuchukua!"

"Hiyo 'ku' uliandika wapi, madam?" alijibu, macho yakiwa kwenye mizani. "Mimi nilisoma vile iko. Neno liko peke yake, halina mtu, halina 'ku.' Kwa Kiswahili hiyo ni amri. Chukua. Kuna njia ingine?"

Nilikuwa nimefundisha vitenzi miaka mingi na sijawahi kusikia moja ya karatasi zangu ikimpa mtu amri. Lomorukai alisimama nje ya duka akingoja, uso wake hauna ushindi wala huruma. Tukaendelea.

Kwenye steji lori la kwenda Lokichoggio lilikuwa limesimama, injini inanguruma. Dereva alikuwa ametoa kiwiko dirishani. Alinitazama, akashusha macho hadi shingoni, midomo yake ikalisoma lile neno.

"Take," alisema. "Haya basi." Akajinyoosha juu ya kiti cha pili na kuusukuma mlango ukafunguka. "Panda, madam. Si imeandikwa?"

Watu walicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na jina, na ningeweza kumwambia aondoke kwa lugha tatu, lakini nilibaki nimeutazama ule mlango. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mafuta ya dizeli. Neno nililoliandika kwa madaha halikuwa na mtu ndani yake, na yeyote aliyejua kusoma angeweza kuingia humo akawa yeye ndiye anayechukua. Nililiona hilo waziwazi, nikaona pia nani nilikuwa nimemvisha.

Dereva alikoma kucheka. Alimtazama Lomorukai juu ya bega langu.

"Mzee, huyu ni wako? Unapeana?"

Sijui kama ulikuwa mzaha. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu la kuniridhisha. Ninachojua ni kwamba niliogopa jibu. Mtu yule hakuwa na sababu yoyote ya kunitetea. Nilikuwa nimeingia bomani mwake na kumtukana mbele ya mgeni, na pale steji kila jibu lilikuwa mdomoni mwake.

"Hapana," alisema Lomorukai. Alipita mbele yangu, akauegemeza mkono wake kwenye mlango wa lori, akaufunga. "Huyu iko na wenyewe. Wewe enda Loki."

Nililia. Nililia pale pale barabarani, mbele ya bodaboda na wauza makaa, kwa sababu tangu nitoke Kimilili hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu yangu, na aliyesema alikuwa mtu ninayemshuku. Yeye hakunibembeleza. Alinivua kile kibao, akakikunja mara mbili.

"Sasa umesoma," alisema.

Namuar alirudi shuleni kesho yake, na wenzake pia. Lakini alikuja na baba yake. Lomorukai aliketi mlangoni mwa darasa, akaniwekea sharti lake. Hakuna kitenzi kitakachomfikia mtoto wake kabla hakijapitia kwake, na kila kimoja kije na mwenyewe. Basi kila asubuhi, kabla ya kengele, nilimsomea vya siku hiyo kwa Kiswahili, ninachukua, anakimbia, tunaimba, naye anakubali au anakataa. Alikataa kuhesabu, kwa kuwa kinachohesabiwa hupungua. Alikataa kufuata, akasema mbuzi wanatosha. Nilipofika kwenye kuiba nilijua atakataa. "Hiyo ajue," alisema.

Usidhani tulikuwa marafiki. Jioni alimhoji Namuar nilisema nini wakati yeye amesinzia. Nami nilikuwa nikipita karibu na boma lake na kukagua kama mifugo imeongezeka. Mzee wa Kaikor alikuwa ameondoka na ngamia wake, lakini Abei aliniambia atarudi mvua zikinyesha, na kila wingu lililoonekana upande wa kaskazini lilinipeleka tena kando ya uzio wake. Sikuthubutu kumuuliza Lomorukai. Nilijiambia mtu anayeilinda shingo ya binti yake hivyo huenda anailinda bei yake tu. Ndivyo nilivyowaza, na sijui ningewaza nini kingine.

Kisha kitabu kilitufikisha kwenye somo la familia, na katika vitenzi vya somo hilo kulikuwa na kuoa. Nilifikiria kuliruka. Ningeliruka na nani angejua? Lakini niliona aibu kumficha neno mtu ambaye alinifungia mlango wa lori.

"Leo kuna kuoa," nilimwambia.

"Hiyo ni ya wavulana."

"Kwa Kiingereza neno ni moja, Baba Namuar. Mvulana he marries. Msichana she marries. Mwanamume anaoa, na mwanamke naye anaoa."

Alinitazama akitafuta uwongo usoni mwangu. Alitafuta sana. "Msichana anaoa," alirudia. "Haolewi."

"Anaoa. Au akitaka, anakataa. She does not marry."

"Sema tena hiyo ya kukataa."

Nilisema tena. Midomo yake ilicheza bila sauti. Nilikuwa nimekwisha kujipanga, hoja zangu zote ziko tayari, sheria, umri, shule, maana hatimaye nilikuwa nimemfikisha pale ambapo angelazimika kujionyesha. Alitazama ndani ya darasa, Namuar alipokuwa akipangusa ubao kwa kiganja.

"Huyo mzee wa Kaikor," alisema, "wakati ya ukame mimi na watoto tulikula ngamia yake. Mdomo yangu haiwezi kumwambia hapana." Alimwonyesha Namuar kwa kidevu. "Ya huyu inaweza. Fundisha hiyo leo. Mvua iko karibu."

Nilitaka kumwambia kwamba mzee wa Kaikor hajui Kiingereza hata neno. Nadhani alilijua hilo kuliko mimi. Nilichukua chaki nikaingia, nikaandika sentensi ya kwanza, na nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Lomorukai alikuwa ameingia. Alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya binti yake, amekunja miguu yake mirefu, anangoja nifike kwenye ile ya kukataa.