Cheche na Binti wa Besi

Jina alilopewa na mama yake lilianza kusahaulika siku aliposhika kazi ya kuchomelea mageti. Karakana nzima ilimwita Cheche, na jukwaani pia akabaki Cheche. Kwa miaka kumi na tisa alipiga gitaa la umeme na kuimba roki mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna kampuni iliyomtaka. Nyimbo zake alizirekodi mwenyewe chumbani kwa shangazi yake, magodoro yameegemezwa ukutani, akazisambaza mkono kwa mkono.

Alipotimiza arubaini, bosi wa kampuni moja ya muziki aliusikia wimbo wake mmoja, akamwita ofisini pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa akimpigia gitaa la besi.

"Wimbo huu ni moto," bosi alisema. "Ila sauti yako, dada, inakwaruza. Tutampa binti mmoja auimbe. Na hilo gitaa tutalitoa."

"Kwa hiyo mnautaka wimbo wangu bila mimi?"

"Usilichukulie hivyo."

"Nilichukulie vipi? Mnamnyoa simba, halafu mnamwita paka!"

Shemeji alimkanyaga mguu chini ya meza. Cheche akabeba gitaa lake, akatoka.

Nje, shemeji alimjia juu. "Kiburi chako kitatuponza! Mimi nina familia."

"Familia yako ni dada yangu. Kamwambie nimekataa, uone kama atalia."

Shemeji akahamia bendi ya kampuni. Miezi minne Cheche alitafuta mpiga besi, asipate. Ndipo siku moja asubuhi binti mwenye kucha ndefu akasimama mlangoni mwa karakana, akizikwepa cheche za moto.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kuimba wimbo wako," alisema. "Nilikusikia kwenye rekodi yako, tangu hapo sijatulia. Kule wamenifundisha kutabasamu, dada. Nifundishe kufoka."

Cheche alivua kinyago chake cha kuchomelea, akamtazama juu mpaka chini. "Unapiga chombo gani?"

"Kinanda kidogo."

"Kinanda sina. Nina besi isiyo na mtu."

Wiki ya kwanza vidole vya binti vilitoka malengelenge. Ya pili alichukua mkasi wa kukatia bati, akazikata kucha zote kumi bila kuambiwa.

Jumamosi moja alasiri wakafungua geti la karakana na kupiga hadharani. Mafundi wakaacha kazi, wapita njia wakajaa. Zamu ya binti kuimba ilipofika, sauti ikampasuka katikati. Mtu akaangua kicheko.

Cheche akasimamisha muziki. "Aliyecheka apande huku aimbe yeye."

Hakupanda mtu.

"Basi nyamazeni, tunaanza upya."

Binti akamsogelea Cheche. "Dada, ikipasuka tena je?"

"Ikipasuka, usiifunike. Ipasulie mbali!"

Binti akafumba macho, akafoka. Sauti ilipasuka kweli, palepale, naye hakuishusha, akaisukuma hadi pumzi ikamwishia. Cheche akamfuata kwa gitaa, sauti ya amplifaya imefunguliwa mpaka mwisho, na mabati yote ya karakana yakaanza kulia.