Kina Perpetua

Mwaka ule Manyara ilipomegwa kutoka Arusha ikawa mkoa, watu wa Gendabi walikuwa wamekwisha kuzoea kuamka na kukuta kitu kimebadilishwa jina. Ushirika uliopunja mkulima kwa zamu ulikuwa umeitwa soko huria, sasa anapunjwa na yeyote mwenye lori. Ada iliyofutwa ilirudi ikiitwa mchango. Nguo walizochoka nazo watu wa mbali ziliitwa mtumba, zikavaliwa kanisani. Hakuna aliyeulizwa. Basi ilikuwa zamu ya mlango wa bibi Perpetua, na safari hii aliyetaka kubadilisha alikuwa mjukuu wake, wajina wake, aliyemlea tangu ananyonya.

Ilikuwa Ijumaa jioni, bibi anapepeta maharage uani. Msichana alikuwa darasa la saba. Alieleza kwamba Jumatatu mwalimu angejaza fomu za mtihani, na jina litakaloingia mle ndilo litakalokaa kwenye cheti mpaka kufa. Mwenye jina lisilompendeza aseme mapema. Yeye angesema aandikwe Brightness.

Bibi hakuacha kupepeta. Akauliza lile alilonalo limemkosea nini.

Limemkosea sana. Shuleni walimwita Pepeta. Akipita, wavulana walichukua madaftari wakayatikisa kama ungo, mmoja akapuliza makapi. Na kama mkoa mzima umepewa jina jipya, yeye mtu mmoja angemdhuru nani?

"Brightness ni jina la watu wanaojulikana," alisema. "Kuna mmoja anasoma taarifa redioni. Nitajie Perpetua mmoja tu anayejulikana, bibi. Mmoja. Nitalibakiza."

Bibi angeweza kumjibu kwa sentensi moja: hilo jina alikupa mama yako, Marieta, na zaidi ya hilo hakuwahi kukuachia kitu. Msichana alilijua hilo. Lakini bibi hakutaka kumfunga mtoto kwa kamba ya marehemu. Akasema tu, haya, mpaka Jumatatu.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa katekista Xavery, mwenye kitabu cha watakatifu kilichochanika jalada. Xavery akapekua, akamsomea. Perpetua alikuwa mama kijana wa Karthago, kaskazini mwa Afrika hii hii, miaka elfu moja na mia nane iliyopita. Wakubwa walitaka aikane imani yake, arudi nyumbani akamnyonyeshe mwanawe. Baba yake mwenyewe alikuja kumlilia akubali. Akakataa. Gerezani aliandika habari zake kwa mkono wake. Walimfungulia ng'ombe jike mwenye wazimu mbele ya watu. Akarushwa juu, akaanguka, akainuka. Akafunga nywele zake vizuri, asionekane kama mtu wa msiba, ndipo akamwinua mwenzake Felisita.

Bibi alirudi akitembea polepole. Yeye walimpa jina hilo alipobatizwa Mbulu, kutoka kwenye kalenda ya misheni, wakamwambia aitike. Miaka sitini amelibeba kama mzigo wa mtu mwingine, na katika mapadri wote waliolitamka, hakuna hata mmoja aliyemfungulia aone ndani kuna nini.

Alimsimulia mjukuu wake yote. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huyo alikufa, bibi. Tena kwa ng'ombe."

"Kwa upanga. Ng'ombe alishindwa."

"Wakisikia habari ya ng'ombe shuleni, nimekwisha."

Ila baadaye, akisugua sufuria, aliuliza kama ni kweli yule mama aliandika mwenyewe. Bibi akasema ndivyo kitabu kilivyosema.

Jumapili mchana akapita Gidahosh, mfugaji wa Dirma, mzee mrefu mwenye shuka jekundu, ambaye hakuwahi kupita pale bila kusalimia. Msichana akampa shikamoo na kikombe cha maziwa. Bibi, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa mategemeo, akamuuliza kama amewahi kumsikia Perpetua mwenye sifa.

"Perpetua?" Gidahosh alishangaa. "Dirma nzima tunamjua. Wajukuu wangu hawalali bila yeye."

Akasimulia. Zamani walinzi wa shamba kubwa la ngano walikuja kufagia mifugo kwenye malisho ya watu. Mama mmoja wa wakulima, Perpetua, akafungua mlango wa nyumba yake. Ng'ombe mia wakaingia mmoja mmoja, dume la mwisho likainamisha pembe, na nyumba haikujaa. Walinzi wakafika, wakauliza nini kinanguruma humo ndani. Perpetua akawajibu kwamba ni mume wake anakoroma. Wakaondoka.

"Hata ng'ombe wangu anayetangulia, yule mweusi, ni Perpetua," akamalizia. "Na mama yake alikuwa Perpetua. Na bibi yake."

Msichana alicheka mpaka akaweka birika chini. Akauliza nyumba kubwa namna hiyo iko wapi.

Gidahosh alinyoosha fimbo kwenye mlango wa bibi. "Si hii?"

Msichana akamgeukia bibi yake. Bibi aliona haya, akaanza kukusanya vikombe visivyohitaji kukusanywa.

"Alikuwa ndama mmoja tu," alisema. "Na alininyea kitandani."

"Ndama mmoja ndiye aliyebaki," Gidahosh alisema. Sasa hakuwa anatania. "Wengine wote waliwaswaga, hatukuwaona tena. Hao mia ninaowasimulia wametoka kwa huyo."

Msichana akauliza kama kukoroma nako kulikuwa uongo.

Hapana, bibi alisema. Tito, babu yako, alijilaza juu ya mkeka akakoroma kwa nguvu zake zote, maskini, na walinzi wamesimama hapo ulipo. Lakini kukoroma kusingetosha. Ndama alikuwa anataka kumlilia mama yake. "Marieta ndiye aliyemshika mdomo, kwa mikono yote miwili. Alikuwa na miaka sita. Walipoondoka, vidole vilikataa kufunguka."

"Mama?" msichana akasema.

"Mama yako."

Msichana alimsindikiza Gidahosh mpaka njiani, akasimama huko kitambo.

Jumatatu bibi alishinda uani na maharage yale yale, yaliyokwisha kuwa safi tangu asubuhi. Msichana alirudi, akatoa shikamoo, akaweka begi chini. Vidole vyake vilikuwa na wino. Bibi akazidi kupepeta.

"Mwalimu alikuwa ameandika Pepetua," msichana alisema. "Nikamwambia kuna r katikati. Akanipa kalamu niandike mwenyewe."

Kisha akachukua ungo mikononi mwa bibi yake, akageukia upande wa upepo.